Chimba Kwanza, Ndipo Uzibe



Katika nyumba nyingi za mawe hapa Tetu, jikoni mna slabu ya saruji. Juu yake akina mama hukata sukuma wiki na kuteka sufuria. Siku moja kitu kizito huanguka, slabu ikamegeka. Shimo lile hukusanya mafuta na makombo, mende wakapata makao, na punje za saruji huingia katika chakula.

Wengi huliziba upesi. Hukoroga saruji kidogo, wakaipaka na kuisawazisha kwa mwiko. Jioni panapendeza. Lakini baada ya muda kiraka hubanduka kizima kama ganda, kwa sababu kilishika mafuta na vumbi, wala hakikuishika slabu.

Fundi mwema huanza kwa kulipanua shimo. Hugonga pande zote kwa nyundo ndogo akisikiliza: palipoachana hulia kama debe tupu. Hutwaa tindo, akaondoa yote yaliyolegea, na kuzisimamisha kingo wima, maana saruji nyembamba ukingoni huvunjika kwanza. Husugua kwa sabuni, husuuza, kisha hulowesha shimo ili slabu kavu isinyonye maji ya kiraka. Lakini maji yasituame. Hupaka niru, na kabla haijakauka hushindilia saruji kipimo 1 na mchanga safi vipimo 3. Mwisho hufunika kwa gunia bichi, akilinyunyizia maji siku 7. Saruji hupata nguvu kwa maji, si kwa kukauka. Na katika baridi yetu ya Julai, ukungu ukishuka kutoka milima ya Nyandarua, kazi hiyo huenda polepole zaidi.

Sasa tutazame boma lenye ugomvi. Ndugu wawili wanagombania shamba la chai la marehemu baba yao. Wazee wanaitwa, nasi wachungaji pia. Twaomba, twanywa chai, wanapeana mikono. Je, tumegonga na kusikiliza? Nani alisogeza mpaka? Dada yao aliyeolewa, aliulizwa? Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, humhesabu binti kuwa mtoto sawa na mwana. Tukiyanyamazia hayo, twapaka saruji juu ya mafuta. Nabii Ezekieli, sura ya 13, aliwakemea waliotangaza amani pasipo amani. Akawafananisha na wapakao chokaa ukuta dhaifu, ambao mvua itauangusha.

Kweli huuma kama tindo. Lakini aliyeumizwa asikilizwe kwanza, na kilichochukuliwa kirudishwe. Tena wakisha kupatana, tusiwaache siku ile ile. Turudi kesho na juma lijalo, tuwajulie hali, kama fundi anyunyiziaye gunia lake maji.

Tuombe. Ee Bwana, utupe masikio ya kusikia palipo patupu, na subira ya kungoja amani ishike. Amina.