Lori Likimgonga Mtu

Jioni hii nataka kusema nanyi habari za malori makubwa, na zaidi habari za mtu aliyeumizwa na lori: haki yake ni ipi, naye aifuate kwa njia gani.

Zamani vumbi na matope vilikuwa breki tosha. Sasa barabara itokayo Manyovu kupita Kasulu na Kibondo hata Kabingo, kiasi cha kilomita 260, imejengwa kwa lami, na lori lenye shehena ya saruji hushuka milima ya Buha kwa mwendo ambao wazee wetu hawakuuona. Mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ambayo breki zahitaji ili kulisimamisha huzidi mara nne. Tena dereva akishuka mlima mrefu kwa kukanyaga breki tu, pasipo kutia gia ndogo, breki hushika moto na kuishiwa nguvu. Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni karibu na Arusha, lori liliyagonga magari mengine, na watu 25 wakafa.

Basi natoa mfano. Tuseme mama mmoja ametoka Muyama alfajiri, kikapu cha ndizi kichwani, lori likamgonga akavunjika mguu. Mwenye lori ni mtu wa adabu. Aja na shilingi laki mbili, aketi na wazee, asema, "Yaishe, baba zangu, tusisumbuane." Fedha zapokewa, na mume atia dole gumba katika karatasi. Miezi mitatu yapita, mfupa haujaunga, na shamba limeota magugu. Kupatana ni desturi njema, nami siitukani. Lakini fedha zile hakuna daktari aliyezipima, na karatasi ile ndiyo itakayotolewa mbele ya hakimu siku mama atakapodai.

Afadhali polisi waitwe siku ile ile, wapime mahali pa ajali na kuandika majina ya walioona. Majeruhi apewe fomu ya polisi iitwayo PF3. Lakini aliye mahututi apelekwe hospitali upesi, na fomu ifuatwe na mtu mwingine. Mmoja wenu aandike namba ya lori, na ya tela pia, maana huwa mbalimbali. Kila karatasi ya hospitali na kila risiti ya dawa na nauli iwekwe.

Kwa nini namba? Kwa sababu sheria ya Tanzania yamlazimisha kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu wengine watakaoumizwa na gari lake. Kwa hiyo hata mwenye lori akiwa hana kitu, kampuni ya bima ipo. Kampuni ikikataa au ikichelewa, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa kwa sheria ya mwaka 2009.

Wengi hukosea hapa: dereva akitozwa faini au akifungwa, hudhani mambo yamekwisha. Sivyo. Faini ile ni ya Serikali. Fidia ya aliyeumia hudaiwa mbali, naye ana miaka mitatu tangu ajali. Akiwa amekufa, jamaa zake wachague msimamizi wa mirathi athibitishwe na Mahakama ya Mwanzo, naye ndiye atakayewadaia mjane na watoto. Wala wasingoje miaka hiyo ipite.

Mtu atasema, wakili nitamlipa nini? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya wasio na uwezo. Wako wasaidizi wa kisheria walioandikishwa, ambao hushauri bila malipo. Hawasimami mahakamani kwa niaba ya mtu, ila humwonyesha mahali pa kumpata wakili. Watu wa Muyama waulize kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya, huko Buhigwe.

Neno moja limebaki, la wale wanaopanda juu ya magunia ili kuokoa nauli. Utingo aliyeajiriwa ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini aliyepanda bure juu ya shehena aweza kuona kampuni ya bima ikiyapinga madai yake, hata kama dereva ndiye aliyekosa.