Pembezoni mwa Barabara ni pa Nani? Tathmini ya Njia za Waenda kwa Miguu na Usafiri wa Umma, Mtwara-Mikindani



Nimeombwa kueleza namna ya kutathmini miundombinu ya waenda kwa miguu na usafiri wa umma tuliyonayo. Istilahi mnazijua. Miundombinu ni njia, vivuko, vituo, stendi, taa na mitaro. Usafiri wa umma kwetu ni daladala, bajaji, bodaboda na feri ya MV Mafanikio inayotuvusha kwenda Msangamkuu. Kutathmini ni kuuliza kama vyote hivyo vinamfikisha mtu aendako salama, awe mzee, mjamzito au mtoto wa darasa la kwanza. Sitakaa hapo.

Mji wa Mtwara ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipokuwa wakijenga bandari kwa ajili ya mradi wa karanga. Mradi ulikufa na reli yake ya Nachingwea ikang'olewa miaka ya 1960, ila ramani ilibaki: barabara pana na mitaa iliyoachana. Ndiyo maana watu wetu wanatembea mwendo mrefu.

Muda uliobaki naomba niutumie kwa barabara ya Mtwara hadi Mikindani, ambayo nimeiandikia taarifa kwa miaka mingi. Barabara hiyo moja inabeba malori ya makaa ya mawe kutoka Mkoa wa Ruvuma yakienda bandarini, malori ya saruji, mabasi ya Lindi na Dar es Salaam, magari ya korosho kila msimu, na wanafunzi. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ndani ya mita hizo, sehemu nyingi mtembea kwa miguu hana hata mita moja ya kukanyaga bila wasiwasi. Lami ikiisha unakuta mchanga, kisha mtaro usio na kifuniko. Lori likipita, mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni inambidi achague kati ya lami na mtaro.

Kwenye vituo, daladala inasimama juu ya lami kwa sababu haina pa kuingilia. Bodaboda wamejaa kwenye kibanda, na abiria wanasubiri juani. Siwalaumu vijana hao: hawakutengewa kijiwe.

Chanzo ninachokiona ni mgawanyo wa kazi. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaa ni za TARURA, stendi ni za Halmashauri, leseni za njia hutolewa na LATRA. Kila mmoja anafanya kazi yake kisheria, na ninawaheshimu. Lakini hatua zile kumi kati ya mlango wa daladala na uchochoro wa mtaa hazimo kwenye bajeti ya yeyote. Kila kikao tunakubaliana kuwa jambo hili ni muhimu, kisha linaandikwa "litafanyiwa kazi".

Mapendekezo yangu ni haya. Tathmini ifanywe kwa kutembea, si kwa kupita na gari, tena asubuhi wanafunzi wanapokwenda shule, usiku, na siku ya mvua ya masika. Wahesabiwe watu, si magari peke yake. Wataalamu watembee na mwanafunzi, mtu mwenye kiti cha magurudumu na mama wa genge, kwa kuwa wao ndio wanaojua kifuniko kipi kimevunjika. Mitaro ifunikwe, ikianzia penye shule, masoko na Hospitali ya Kanda ya Mitengo. Vituo vipewe maingilio nje ya lami. Bodaboda na bajaji watengewe vijiwe. Malori yapangiwe saa za kupita, wanafunzi wanapoingia na kutoka shuleni yasubiri. Gati za Msangamkuu ziunganishwe na kituo cha daladala chenye kivuli na taa. Narudia, mitaro ifunikwe. Na zaidi ya yote, taasisi hizi nne ziweke sahihi kwenye karatasi moja inayosema nani anawajibika kwa pembezoni mwa barabara, kwa fungu gani, kuanzia mwaka gani wa fedha.

Waheshimiwa madiwani, bajeti inapita mikononi mwenu. Naomba karatasi hiyo iwe ajenda ya kikao chenu kijacho, na msikubali iahirishwe.