Mkono wa Mzazi katika Daftari la Mtoto



Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, kazi ya ziada imeingia majumbani kwa namna ambayo mfumo wa awali wa 8-4-4 haukuwahi kuileta. Mwongozo wa mtaala huo, uliotolewa mwaka 2017, unamtaja mzazi kuwa mshirika katika ujifunzaji wa mtoto. Naunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Lakini tazameni ushirika huo unavyokuwa ikifika jioni. Mtoto amerudi na agizo la kupeleka picha zilizochapishwa, au sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Saa mbili usiku mama yuko saiba anangoja zamu yake ya kuchapisha, baba anakata maboksi, na mwenye kazi amelala. Asubuhi kazi inafika shuleni ikiwa nadhifu, na mwalimu anaweka alama.

Alama hiyo ni ya nani? Mwalimu hukusanya madaftari ili ajue nani ameelewa na nani bado. Kosa la mtoto ndiyo habari anayoihitaji kuliko nyingine yoyote. Mzazi akilifuta usiku, kesho mwalimu ataona darasa zima limeelewa, ataingia mada mpya, na mtoto atabaki nyuma pasipo mtu kujua. Tena kazi ikidai kuchapisha, manila na gundi, kinachopimwa ni mfuko wa nyumbani. Hili linanikera hasa kwa sababu tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zimepewa asilimia 20 ya alama za kumpanga mwanafunzi katika sekondari ya juu.

Basi mzazi asaidie kiasi gani? Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliokuwa wakijenga piramidi kwa vipande vya mbao. Mkufunzi alimwachia mtoto afanye mwenyewe kadiri awezavyo. Mtoto akikwama, alielekezwa kwanza kwa maneno. Maneno yasipofaa, ndipo mkufunzi alipotumia mikono. Kwangu mimi, hicho ndicho kipimo: msaada uongezeke mtoto anaposhindwa, upungue mara tu anapoweza. Mtoto anayetatizika kusoma atahitaji kukaliwa karibu kwa muda mrefu kuliko nduguye, na hakuna upendeleo hapo.

Tafiti za baadaye zinatuonya zaidi. Mwaka 2009 Nancy Hill na Diana Tyson walichambua tafiti 50 kuhusu wanafunzi walio katika umri wa sekondari ya chini. Kusaidia kazi ya ziada hakukuonekana kuendana na kufaulu zaidi. Kilichohusiana zaidi ni mzazi kuzungumza na mtoto juu ya thamani ya elimu na matarajio aliyo nayo mzazi kwake. Na mwaka 2015 Erin Maloney na wenzake waliwafuatilia watoto 438 wa madarasa mawili ya mwanzo nchini Marekani. Wazazi wanaoogopa hisabati waliposaidia mara kwa mara, watoto wao walijifunza hisabati kidogo kuliko wengine, na wakawa wanaiogopa zaidi.

Sasa niseme na wale wanaodhani hawana cha kutoa. Kuanzia Gredi ya 4 masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na nyanya wengi wanaolea wajukuu hawakisomi. Wengi wao hunyamaza vitabu vinapofunguliwa, wakiamini hapo si pao. Mimi nasema ni pao kabisa. Nyanya akimwambia mjukuu, "Hebu nieleze mlichosoma leo," mtoto hana budi kukitoa kile kitu katika Kiingereza cha kitabu na kukiweka katika Kiswahili au lugha ya nyumbani. Aliyekariri tu hawezi. Atakwama, atarudi kitabuni, ataanza upya. Mzazi msomi hulifanya jambo hili kwa shida, maana jibu analijua, na subira humwishia kabla mtoto hajamaliza sentensi. Nyanya anauliza kwa kuwa kweli hajui, na mtoto anaona kwamba maelezo yake yanahitajika. Nyanya huyo atakapouliza, "Kwa nini iwe hivyo?" atakuwa amefanya kazi ambayo walimu tunaisomea miaka minne.

Kwa hiyo simlaumu mzazi anayekata maboksi usiku. Ameagizwa, na anampenda mwanawe. Lawama kubwa ni yetu tunaowafundisha walimu. Tunawafundisha kuandaa mpango wa somo kwa muhula mzima, ilhali kuandika kazi ya ziada tunakugusa kwa kupita. Naomba idara yetu iweke jambo hili katika mazoezi ya ualimu: kila mwanafunzi anayeenda kufundisha aandike kazi ambayo mtoto anaweza kuimaliza peke yake kabla giza halijaingia, kwa daftari, kalamu na vitu vilivyomo nyumbani bila kununuliwa. Mkaguzi aisome kazi hiyo kabla haijatolewa darasani. Na palipo na mradi wa kutengeneza kitu, utengenezwe shuleni, mwalimu akiona mikono ya mtoto.