Kuajiri Mtu na Kumpokea Kazini

Hotuba ya Mwenyekiti wa kikundi katika sherehe za kutimiza miaka kumi



Historia ya kikundi ameisoma katibu, na mapato na matumizi mmeyasikia kwa mweka hazina, kwa hiyo sitayarudia. Mimi nitaongea jambo moja tu, nalo ni kuajiri mtu, na hasa yale yanayofuata baada ya kumwajiri. Naliongea leo kwa sababu tuna nafasi ya karani iko wazi, na nasikia maneno mengi njiani.

Mnakumbuka tulipoanza hatukuwa na mfanyakazi. Mtindo huu wa sanduku lenye kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu, ulianza kwa akina mama wa nchi ya Niger mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE. Mtindo wenyewe hauhitaji karani. Hisa zinahesabiwa mbele ya macho ya wote, muhuri unagongwa kitabuni, basi. Hata asiyejua kusoma anajua zake ni mihuri mingapi. Lakini siku tuliponunua mashine ya kusaga mambo yakabadilika. Mashine haingoji siku ya mkutano. Inasaga kila siku, pesa inaingia kila siku, na sisi wenyewe tuko shambani, au mnadani Mugumu, au Sirari na mizigo. Hapo ndipo tukawa waajiri. Neno hilo wengi wetu tulikuwa tunalisikia redioni tu.

Sasa niwape mfano wa kikundi kimoja. Jina sitalitaja, na kijiji sitakitaja. Waliajiri kijana wa mwanachama mwenzao kuendesha mashine. Kijana hodari, kamaliza kidato cha nne. Asubuhi ya kwanza akapewa ufunguo pale mlangoni, akaambiwa mashine ile, daftari lile, kazi njema. Hakuna aliyehesabu naye pesa zilizokuwepo wala kusoma naye mita. Baada ya miezi mitatu pesa zikaonekana pungufu. Je, zilipungua kabla yake au mikononi mwake? Hakuna aliyeweza kusema. Akaitwa mwizi mbele za watu. Mama yake akasimama, ndugu zake wakasimama naye, na wiki ile ile wanachama wa ukoo ule wakadai hisa zao. Kikundi kikavunjika. Mpaka leo wale mama wakikutana kisimani hawasalimiani. Kijana mwenyewe kaondoka kijijini, na huenda hakuchukua hata shilingi moja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yule alipewa jembe siku ya kwanza, na mpaka wa shamba hakuonyeshwa.

Kijana wetu wa mashine yuko hapa, ataniwia radhi nikimsema. Siku yake ya kwanza hakusaga hata debe moja. Alikaa na wajumbe wawili wa kamati, wakahesabu pesa za sanduku la mashine, wakasoma uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU, wakahesabu vipuri: mkanda wa akiba, chekecheke za nene na za laini, nyundo, mpaka spana. Kila kitu kikaandikwa, wakaweka sahihi, na mjumbe mmoja akaweka dole gumba. Wateja walinung'unika sana, maana ilikuwa siku nzuri ya kusaga. Wacha wanung'unike. Wiki mbili zilizofuata alisaga chini ya fundi. Alifundishwa kuisikiliza mashine, kwamba ikibadili sauti unazima kwanza, kuuliza baadaye. Alifundishwa kwamba muhogo ambao haujakauka vizuri unaziba chekecheke, na kwamba ulezi una chekecheke yake.

Na alifundishwa daftari. Kila jioni anaandika debe alizosaga na uniti zilizobaki kwenye mita. Hivi vitu viwili vinachungana vyenyewe. Uniti zikitumika nyingi na debe hazikuongezeka, tunakaa naye tunaulizana: nyundo zimelika? Mahindi yalikuwa na unyevu? Au kuna debe halikuandikwa? Tunauliza kwa mpangilio huo huo, hatuanzi na la mwisho. Mara nyingi jibu linapatikana kwenye nyundo.

Mimi elimu yangu ni darasa la saba, mambo ya sheria nilieleweshwa na afisa maendeleo ya jamii, na nikamwomba anisomee mara mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apewe maandishi: kazi yake ni ipi, ameanza lini, anafanyia wapi, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Kama haelewi maandishi, aelezwe kwa namna anayoelewa. Na jambo lililonishtua ni hili, kwamba mkifikishana kwenye shauri na mwajiri hana maandishi hayo, ni juu ya mwajiri kuthibitisha mlivyokubaliana. Kwa hiyo akina mama, ile karatasi ni kinga yetu sisi pia. Saa za kazi hazizidi 45 kwa wiki. Mlinzi wetu anakesha, na saa za usiku, kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi, zina nyongeza ya asilimia 5. Tunalipa. Hasara ikitokea, huwezi kukata mshahara wote wa mtu kwa hasira. Lazima iwe kosa lake, asikilizwe kwanza, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Kuna majaribio pia. Kanuni za mwaka 2007 zinasema yasizidi miezi 12, sisi tumeweka mitatu. Majaribio siyo kumvizia mtu aanguke. Kanuni hizo hizo zinamtaka mwajiri akae naye mara kwa mara, amwambie anaendeleaje na amwelekeze. Kamati yetu inakaa naye kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nusu saa inatosha.

Sasa nije kwa karani. Tunamhitaji kweli. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chetu vimewekwa daraja la nne na vinasajiliwa, na mali ya mashine na mikopo ya wanachama haiwezi kuendelea kuandikwa usiku kwa taa ya simu baada ya mama kupika. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, yenye 4 za wanawake, ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudi mwaka 2024. Tukitaka kuomba, lazima vitabu vyetu visimame.

Nasikia watu wanauliza, safari hii ni zamu ya ukoo gani? Jamani. Humu ndani tuna Wakurya wa koo mbalimbali, tuna Wangoreme, Waikoma, Wajaluo, Wasukuma. Sanduku letu halijawahi kuuliza shilingi imetoka ukoo gani. Na sheria yenyewe inakataza kubagua kwa kabila au mahali mtu alipotoka. Inakataza pia kubagua kwa ndoa na kwa mimba. Nasema hivi kwa sababu mama mmoja aliniambia tusichukue msichana, ataolewa na kuzaa. Likizo ya uzazi ni siku 84, na 100 akijifungua pacha. Sisi wote hapa tumezaa. Tukimnyima binti kazi kwa sababu hiyo, waume zetu tutawaambia nini?

Utaratibu utakuwa hivi. Mwombaji alete barua ya mtendaji wa kijiji, kitambulisho na wadhamini wawili. Atapewa risiti ishirini zilizochanganywa aziingize kwenye daftari. Kisha ataulizwa: mwanachama amekopa shilingi 300,000 kwa miezi mitatu, riba asilimia 5 kwa mwezi, riba ni kiasi gani? Atakayejibu 45,000 amepata. Atakayeuliza kwanza kama riba inakatwa kwenye mkopo wote au kwenye deni lililobaki, maana hapo inakuwa 30,000, huyo mimi nitamwangalia mara mbili. Mwanachama ambaye mwanawe ameomba hatakaa kwenye usaili, na nikiwemo mimi kama yupo wangu. Atakayepatikana atakabidhiwa kwa kuhesabu, kama alivyokabidhiwa kijana wa mashine, na kwa mwezi mmoja atafanya kazi akiwa na mweka hazina pembeni. Namba ya siri ya simu ya kikundi hatapewa peke yake.

Barua za maombi ziletwe kwa katibu, si nyumbani kwangu. Mwisho ni Ijumaa ijayo. Na wale kuku wawili walioachwa uani kwangu juzi, wenyewe mko hapa na mnajijua. Nimewafunga chini ya mwembe, mje mwachukue kabla ya giza.