Gesi ya Zenoni na Picha za Mapafu ya Watoto: Je, ni Salama?

Nakala ya mazungumzo ya afya kwa wazazi na walezi



Neno "gesi" likitajwa karibu na mtoto, mzazi hushtuka, na ana haki. Msimu wa baridi wahudumu wa afya huonya kuhusu jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu huua watu wakiwa usingizini. Basi jamaa aliye Marekani au Uingereza akipiga simu kusema daktari anataka mwanawe avute gesi ili apigwe picha ya mapafu, huku nyumbani watu hawalali.

Gesi hiyo ni zenoni. Imo katika hewa ya kila siku kwa kiasi kidogo mno. Haina rangi wala harufu, haishiki moto, na mwilini haigeuki kuwa kitu kingine. Sumu ya makaa hung'ang'ania damu na kuizuia kubeba oksijeni. Zenoni haifanyi hivyo. Mtoto akipumua, hutoka.

Inahitajika kwa nini? Mashine ya MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, si mionzi ya eksirei, lakini mapafu yaliyojaa hewa hutokea meusi pichani. Zenoni iliyotayarishwa kwa mwanga wa leza huonekana vizuri. Mtoto huvuta pumzi kutoka mfuko mmoja, huizuia kwa sekunde 10 hadi 15, na picha huonyesha hewa inafika wapi na wapi pameziba. Kwa mtoto mwenye pumu kali, au ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi, anayehitaji kupimwa tena na tena kwa miaka, hiyo ni faida kubwa: kila skani ya CT humwongezea mionzi.

Jina lake huchanganya watu. Zenoni 133, iliyotumika miaka mingi katika vipimo vingine vya mapafu, hutoa mionzi. Hii ya MRI ni zenoni 129, nayo haitoi. Mzazi aulize nambari.

Hatari yenyewe iko kwingine, na haifai kufichwa: ndani ya mfuko ule hamna oksijeni. Hewa ya kawaida ina asilimia 21. Kwa sekunde hizo chache mtoto hutegemea ile iliyobaki mapafuni, na kipimo cha oksijeni mwilini kinaweza kushuka, kisha kikarudi anapopumua hewa ya kawaida. Ndiyo maana kiasi hupimwa kwa ukubwa wa mtoto. Katika utafiti wa watoto uliofanywa Cincinnati, Marekani, kilikuwa sehemu moja ya sita ya uwezo wa mapafu yake, kisichozidi lita 1. Kifaa cha kupima oksijeni hubanwa kidoleni muda wote, na oksijeni huwa tayari kando. Kituo kisicho na vitu hivyo viwili hakifai kumpa mtoto mfuko huo.

Watoto wengine huhisi kizunguzungu, ganzi vidoleni au uchangamfu wa ghafla kwa muda mfupi. Zenoni ikivutwa kwa wingi na kwa dakika mfululizo ni dawa ya usingizi. Pumzi moja haifiki huko. Mtoto huanza kwa kufanya mazoezi na mfuko wa hewa ya kawaida, jambo dogo ambalo humtuliza kuliko maelezo marefu.

Desemba 2022, FDA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia dawa, liliidhinisha gesi hii kwa watu wazima na watoto kuanzia miaka 12. Baadaye umri ulishushwa hadi miaka 6. Mtoto mdogo zaidi ni vigumu kuambiwa "shika pumzi" akatii.

Huduma hii ingali katika vituo vichache duniani. Mzazi wa hapa asiingoje, wala asikatae eksirei ya kifua kwa kuogopa mionzi: eksirei moja ina mionzi kidogo sana, sawa na ile ya asili ambayo kila mtu huipata kwa siku chache tu. Mtoto mwenye kikohozi kisichoisha, homa, au asiyeongeza uzito apelekwe kituo cha afya. Uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya umma ni bure. Anayepumua kwa kasi huku kifua kikibonyea ndani asisubiri kliniki ya kesho. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.