Ununuzi wa Programu za Hesabu katika Masoko ya Mtandao

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Zamani chama kilichohitaji programu ya hesabu kilimwendea wakala mjini. Wakala alitoa hati ya bei, Bodi ikailinganisha na za wengine, muhtasari ukaandikwa, ndipo fedha zikatoka. Njia hiyo ilikuwa ndefu, lakini kila hatua iliacha karatasi ya kukaguliwa.

Siku hizi njia imefupika. Mwaka 2012 kampuni ya Amazon ya Marekani ilifungua soko la programu katika intaneti. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilianzisha utaratibu wa G-Cloud, na mwaka 2014 ikaufungulia soko la mtandao, ili idara zake zione huduma na bei mahali pamoja, na wauzaji wadogo nao wapate nafasi. Faida hiyo si haba: katika masoko ya namna hii mnunuzi wa kijijini huweza kulinganisha bei bila nauli ya kwenda mjini.

Hata hivyo, mara nyingi chama hakinunui tena programu, bali hukikodi chombo hicho mwezi kwa mwezi. Mathalani, shilingi 30,000 kwa kila mtumiaji huonekana ndogo. Kwa watumishi 4 ni shilingi 1,440,000 kwa mwaka, na kwa miaka 5 ni shilingi 7,200,000. Aidha, mwenye kadi ya malipo aweza kukifunga chama katika mkataba kabla Bodi haijakutana, na mikataba mingi hujirudia yenyewe isipokatishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, yafaa Katibu aiwekee Bodi majibu ya maswali haya:

(a) Gharama ya miaka 5 ni kiasi gani, na yalipwa kwa fedha gani?

(b) Mkataba hukatishwaje, na lini?

(c) Chama kikiondoka, daftari la wanachama na hesabu zake zitarudishwa kwa namna gani? Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka taarifa za watu zilindwe.

(d) Nani ameidhinisha, na muhtasari u wapi?

Stakabadhi ya mtandaoni nayo ichapwe na kuwekwa jaladani, Kamati ya Usimamizi ipate kuiona. Fedha hizo zimetokana na mazao ya mkulima, naye ana haki ya kuulizia katika Mkutano Mkuu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.