Ngoma za Juni, Bujora



Nimetakiwa niseme juu ya utamaduni. Nitasema juu ya Bujora tu, maana ni hapo Kisesa, kilometa kama 20 kutoka Mwanza mjini. Makumbusho yale ya Wasukuma ni matunda ya kazi aliyoianza Padre David Clement, Mkanada, miaka ya 1950. Mna ngoma za watemi, viti vya enzi, vifaa vya waganga. Kijana akivitazama nusu saa, amekwisha kuchoka.

Lakini nendeni Juni, mavuno yakiwa ghalani, wakati wa Bulabo. Bagika na Bagalu, wapinzani tangu enzi za Ngika na Gumha katika karne ya 19, huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Basi kila mmoja hubuni: huyu arusha jembe la bugobogobo, yule ajivike chatu shingoni. Wazee husema na dawa pia zimo. Mimi mtumishi wa serikali hilo siliandikii ripoti.

Watazamaji wakikosekana, mashindano hayana mwamuzi. Na vijana wetu wengi hawajafika, nauli hakuna. Kwa hiyo natoa hoja: fedha tulizochanga za kupaka rangi lango, zikodi basi la kidato cha tatu Juni ijayo. Naona Mhazini ananikazia macho. Lango litangoja.